Seva ya Viraka: Historia Ambayo Kila Kijana wa Mtandaoni Anafaa Kuijua

Wasee wengi wa rika langu wakisikia neno "seva", wanaona chumba baridi huko ng'ambo, kimejaa taa za kijani na mlinzi yuko mlangoni. Hiyo picha ndiyo imetufanya tuwe wapangaji wa kudumu kwenye intaneti. Tunapost, tunapata wafuasi, lakini ploti si yetu. Siku mwenye ploti akiamka vibaya, akaunti imefungwa na vitu vyako viko nje.

Ukweli ni kwamba seva ni programu tu. Inakaa kwenye kompyuta, inangoja mtu aombe ukurasa, inampatia. Na ukifuata historia yake, utakuta imejengwa na watumiaji waliochoka kungoja msaada.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1990, Tim Berners-Lee alikuwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Seva ya kwanza ya wavuti ilikuwa kompyuta yake ya kazini, aina ya NeXT. Aliibandika karatasi yenye maandishi mekundu kusema kwamba hii mashine ni seva, msiizime. Hebu fikiria. Wavuti nzima ya dunia ingeweza kuzimwa na mtu anayetafuta tu soketi. Halafu tarehe 30 Aprili 1993, CERN ikaachilia hiyo teknolojia kwa umma, bure kabisa. Hakuna leseni ya kununua, hakuna ofisi ya kuomba ruhusa.

Karibu wakati huo, kijana anaitwa Rob McCool, kwenye kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, aliandika seva iliyoitwa NCSA HTTPd. Watu wakaipenda, ikaenea. Lakini katikati ya 1994 McCool akaondoka, na kazi ikalala. Tovuti zilikuwa zinaongezeka, hitilafu zinajitokeza, na hakuna wa kuzirekebisha.

Hapa ndipo naipenda hii hadithi. Wenye tovuti hawakukaa kulalamika. Kila mmoja alishona kiraka chake: huyu amerekebisha hapa, yule ameongeza pale. Wakaanza kutumiana viraka kwa barua pepe. Februari 1995, watu wanane, Brian Behlendorf akiwa mmoja wao, wakaunda kikundi cha kuunganisha kazi hiyo yote. Programu wakaiita Apache. Behlendorf alisema jina lilitoka kwa heshima ya watu wa Apache wa Marekani, lakini utani ulishika kwa sababu kwa Kiingereza linasikika kama "seva ya viraka". Toleo la kwanza la umma lilitoka Aprili 1995, na toleo 1.0 tarehe 1 Desemba mwaka huohuo. Haikuchukua muda mrefu, Apache ilikuwa imeipita NCSA na kuwa seva inayotumika zaidi duniani.

Na walituachia kitu kingine ambacho watu hawakisemi sana: faili la mipangilio ambalo mtu wa kawaida anaweza kulisoma. Ni maandishi tu. Mstari mmoja unasema seva isikilize mlango namba gani, mwingine unasema kurasa ziko kwenye folda gani. Katikati kumejaa maelezo, na mwanzoni kabisa faili lenyewe lilikuwa linakuonya usifuate maagizo yake bila kuelewa yanafanya nini. Kwangu mimi hiyo ni shule.

Baadaye kurasa tupu hazikutosha. Watu walitaka programu zinazofikiri: uingie na nywila, ununue, utafute. Kwenye kampuni ya Sun Microsystems, James Duncan Davidson aliandika seva ya kuendesha programu za Java, na mwaka 1999 ikapewa shirika la Apache. Aliiita Tomcat, yaani paka dume, kwa sababu alitaka jina la mnyama anayejitegemea. Ukiiweka leo, inasikiliza mlango 8080 badala ya 80. Kwenye mashine za Unix, milango ya chini ya 1024 ilikuwa ya msimamizi peke yake. Kwa hiyo hata kama wewe si msimamizi wa mashine, kuna mlango unaoweza kuufungua. Unaweka faili la programu yako kwenye folda ya webapps, na Tomcat inaiwasha yenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Mwisho wa Desemba 2007, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Januari 2008, Ory Okolloh akauliza mtandaoni nani anaweza kutengeneza ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakaingia kazini, na ndani ya siku chache Ushahidi ikawa hewani. Baadaye wakaitoa bure kama programu huria, na 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kama hao watu wangekuwa wanajua kupost peke yake, hiyo ramani ingebaki wazo. Walijua kuandika programu, kuiweka kwenye seva na kuifungulia watu.

Najua mtu atasema, "Buda, siku hizi kuna kampuni za wingu, unabonyeza tu." Sawa, na mimi pia nachapisha kwenye majukwaa ya wenyewe. Kuendesha seva yako ni kazi: stima hupotea, masasisho ya usalama hayangoji, na ukiacha mlango wazi wezi wataingia. Sisemi kila mtu ahame leo. Nasema ujue kujenga, ndio ukipanga uwe umechagua kupanga.

Na kuanza hakuhitaji pesa nyingi. Laptopu nzee yenye Linux inatosha. Weka Apache, fungua kivinjari, andika localhost, uone ukurasa wa kwanza. Kisha badilisha mstari mmoja kwenye mipangilio, iwashe upya. Ikikataa, fungua faili la kumbukumbu za makosa usome mstari wa mwisho. Wale wanane wa 1995 walianzia hapohapo: kitu kimekataa, na wakaamua kukiangalia ndani.