Kutoka baraza mpaka manjanja: joto mu kilasi zetu

Siku hizi mu miji yetu kunasikika swali ambalo wazee hawakulijua: kilasi ya watoto inahitaji klimatizeri, ama hapana? Kuna masomo ya binafsi ambayo yanaandika jambo hilo kwenye kibao cha mlangoni, kama vile yanavyoandika kwamba yako na ordinateri. Wazazi wanaona, wanahesabu pesa, wanauliza. Mimi naona kwamba kabla ya kujibu inafaa kwanza tuangalie nyuma, sababu joto ya Maniema haikuanza jana. Kindu iko kando ya mto Lualaba, chini, kama metre 500 tu juu ya bahari, karibu na ikweta, na hewa yake iko nzito. Mtu wa Bukavu, ambako ni karibu metre 1500, hawezi kulielewa vizuri swali hili.

Mbele ya masomo ya kizungu, watoto walifundishwa wapi? Kwa Walega kulikuwa lusu, nyumba ya wanaume, mahali ambapo vijana walisikiliza wakubwa. Watu walikaa kivulini, na upepo ulipita. Mafundisho yenyewe yalifuata jua: asubuhi kazi, jioni maneno. Hakuna mzee aliyemwita kijana saa saba mchana ili kumpa hekima.

Halafu wakaja watu wa pwani. Livingstone alipofika Nyangwe mu mwaka 1871, aliwakuta pale wafanya biashara Waarabu na Waswahili. Kisha Kasongo ikawa mji mkubwa wa Tippu Tip na watu wake, mpaka jeshi la Dhanis lilipouteka mu 1893. Tunajua mabaya ya wakati ule, utumwa na damu, na sitaki kuyafunika. Lakini watu wale walileta pia namna ya kujenga: nyumba ya udongo yenye kuta nene, paa la majani linaloshuka chini sana, na mbele yake baraza. Ukuta mnene unachelewa kupata moto. Majani ya paa yanashika hewa katikati yao, na joto ya jua haipiti mbio. Barazani mwalimu wa Kurani alikaa na watoto na mbao zao. Pamoja na hiyo walipanda miembe, na kivuli chake tuko nacho mpaka leo. Hata Wabeleji walipochukua inchi, neno hilo halikuwashinda: mu Kifaransa cha Kongo veranda iliitwa «barza». Walikopa neno kwa sababu walikuwa wamekopa kitu chenyewe.

Wamisionere nao walijifunza. Kule Mpala, pembeni ya ziwa Tanganyika, kituo kilichojengwa na Storms mu 1883 kilipewa Mapadri Weupe mu 1885. Ni kule Stefano Kaoze alisoma, yeye aliyekuwa padri wa kwanza Mkongomani mu 1917. Katika misioni nyingi za zamani mtu anaweza kuona bado hesabu yao: matofali ya kuchoma, kuta nene, plafo ya juu sana, madirisha yanayotazamana, na baraza ndefu inayozuia jua lisiguse ukuta. Kisha mapatano ya 1906 kati ya Serikali ya Léopold na Roma, misioni zilipewa udongo ili zifungue masomo, na masomo yakaongezeka. Lakini tusidanganyane. Majengo hayo mazuri yalikuwa kwenye kituo kikubwa. Mu vijiji, masomo ya katekista yalikuwa nyumba ya miti na majani, iliyojengwa na wazazi wenyewe. Na ile ya majani, ajabu, haikuwa na joto kupita ile ya matofali.

Sasa tufike kwa manjanja, maana hapa ndipo mambo yaligeuka. Reli ya Kindu mpaka Kongolo ilifunguliwa, na vitu vizito viliweza kufika. Manjanja yakawa alama ya maendeleo. Mtu aliyeezeka manjanja alikuwa mtu. Mwalimu aliyefundisha chini ya manjanja alionekana amepanda. Na sababu zake zilikuwa za kweli: paa la majani linaoza, linavuja, linashika moto, panya na nyoka wanakaa humo, na kila miaka michache lazima watu walirudilie. Sitaki msomaji afikiri kwamba ninawacheka wazazi waliochanga franka moja moja ili watoto waache kulowana. Walifanya vizuri.

Kosa lilikuja kidogo kidogo, nalo ni hili: tulichukua manjanja, tukaacha vingine vyote. Plafo iliachwa, mbao ziko bei. Baraza ikaachwa, ni mita za bure. Ukuta ukashushwa ili kupunguza matofali. Madirisha yakawa madogo kwa kuogopa wezi. Idadi ya watoto ikapanda, na masomo mengi yakaanza kufanya vakasio mbili: moja ya asubuhi, nyingine ya kisha midi. Vita vya 1996 na 1998 vilibomoa masomo mengi, na yaliporudiliwa watu walijenga mbio, kwa pesa iliyoonekana. Kutoka Septemba 2019 masomo ya msingi ya Serikali yakawa ya bure. Ni jambo jema, lakini benchi ya watoto watatu ikapata watano.

Basi fikiri kilasi hiyo saa nane ya mchana. Chuma juu ya kichwa kimekunywa jua tangu asubuhi, na kinatupa joto chini bila kitu cha kuizuia. Mwili wa mtu mkubwa aliyekaa kimya unatoa joto kama ampuli ya wati 100. Watoto wanatoa chini kidogo, lakini wako sitini. Mtoto wa vakasio ya pili anasinzia, mwalimu anamwita mvivu, pengine anamtandika. Uvivu gani? Mu 2020 watafiti wa Marekani walitoa hesabu kwamba mwaka wenye joto zaidi unapunguza mambo ambayo wanafunzi wanajifunza, zaidi pale ambapo kilasi hazina klimatizeri. Na kwa jirani zetu wa Sudani Kusini, mu Machi 2024 Serikali ilifunga masomo yote kwa sababu ya joto iliyotazamiwa kufika digri 45. Kwa hiyo wazazi wanaouliza hawaulizi mchezo.

Hata hivyo klimatizeri si jibu letu. Mashine hiyo Carrier aliitengeneza mu 1902 kwa kazi ya imprimeri moja ya Brooklyn, ili karatasi zisiharibiwe na unyevu. Inataka umeme usiokatika, na Wakongomani wengi zaidi hawana umeme hata wa taa. Inataka pia madirisha yafungwe, na watoto sitini ndani ya madirisha yaliyofungwa, hewa yao inachafuka upesi. Ile pesa ya grupu na mazuti ingetosha mambo mengine mengi.

Francis Kéré alionyesha jambo hili kule Gando, Burkina Faso, mu 2001. Manjanja hakuyatupa. Aliyainua juu, mbali na plafo ya matofali yenye matundu, na joto inatoka katikati pamoja na upepo. Ulimwengu ulimpa zawadi ya Pritzker mu 2022. Kwetu Kongo, kule Ilima mu Tshuapa, masomo yalijengwa mu 2015 kwa udongo na vigae vya mbao za pale pale. Mafundi wetu wanaweza kazi ya namna hiyo: plafo, hata ya mikeka, ukuta mrefu utazame kaskazini na kusini, jua lisiupige uso kwa uso, matundu juu ya ukuta, baraza irudi.

Tena kuna miembe. Mingi ya ile iliyozunguka masomo imekatwa kwa makala. Muembe unaopandwa leo kiwanjani, mtoto wa mwaka wa kwanza atakuwa anakaribia kumaliza masomo ya msingi siku kivuli chake kitakapofika dirishani.