Kwa nini ndege ya Bukoba huzunguka mawingu au kurudi Mwanza?

Msikilizaji, umetoka Rubya alfajiri kwenda kumpokea ndugu yako kwenye uwanja wa ndege wa Bukoba. Saa ya kutua inapita, kisha unapata taarifa kwamba ndege imerudi Mwanza. Nyumbani umeacha anga jeupe kabisa. Kumetokea nini?

Jibu mara nyingi liko ziwani. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji ya Ziwa Victoria. Upepo huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, ukakutana huko, na hewa yenye unyevu hupanda na kujenga mawingu ya radi. Upepo wa mashariki huyasukuma upande wetu. Ndiyo maana mvua nyingi za Bukoba hunyesha alfajiri na asubuhi.

Wingu la radi linaweza kufika urefu wa kilomita 15 au zaidi. Ndege za pangaboi zinazotua Bukoba huishia kilomita 8 hivi, kwa hiyo haziwezi kupita juu yake. Kupita chini yake nako ni hatari.

Hatari ni ipi?

Wengi huogopa radi, lakini bodi ya ndege imetengenezwa ili umeme upite kwa nje bila kuwadhuru abiria. Kinachoogopwa zaidi ni upepo unaopanda na kushuka kwa nguvu ndani ya wingu, mvua ya mawe, na barafu inayoganda kwenye mabawa. Karibu na ardhi, upepo unaoshuka ghafla unaweza kuisukuma ndege chini wakati inatua.

Rubani hufanya nini?

Rada iliyo puani mwa ndege humwonyesha mvua kwa rangi: kijani ni nyepesi, njano ni ya wastani, nyekundu ni kubwa. Akiona nyekundu, huomba ruhusa kwa waongoza ndege aache njia yake, asije akakutana na ndege nyingine. Mamlaka ya anga ya Marekani hushauri kukaa kilomita 37 hivi kutoka kwenye wingu kali la radi. Ndege hubeba pia mafuta ya kufika uwanja mwingine, na ya akiba juu yake.

Kagera tunajua uzito wa jambo hili. Novemba 6, 2022, asubuhi yenye mvua, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Wavuvi walikuwa wa kwanza kufika kuokoa.

Kwa hiyo ukisikia ndege imezunguka au imerudi, usimlaumu rubani. Kama una miadi ya hospitali au mazishi msimu wa mvua, safiri siku moja kabla, na sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ukiwa ndani, funga mkanda hadi ndege isimame.