Bodo: mafuta iliyobaki mu tope

Wakaaji wa Bodo, mu eneo la Ogoni, kusini mwa Nijeria, walikuwa wanaishi kwa tope. Maji ya bahari ikishuka, wamama walikuwa wanaenda na vikapu kuokota konokono chini ya mikoko na kubandua chaza kwenye mizizi. Nyingine ya kula, nyingine ya soko.

Mafuta ya petroli ilianza kuchimbwa Ogoni mwaka wa 1958. Kampuni ya Shell iliacha kuchimba huko mu 1993, kisha maandamano makubwa ya wakaaji. Miaka miwili baadaye serkali ya kijeshi ilimnyonga mwandishi Ken Saro-Wiwa na wenzake 8. Lakini bomba lenye kubeba mafuta ya visima vingine liliendelea kupita pale. Mwaka wa 2008 likapasuka mara mbili, mwezi wa 8 na mwezi wa 12, na kila mara mafuta ikamwagika majuma mengi.

Samaki anaweza kukimbia. Chaza haendi popote, anachuja maji yote inayopita. Konokono naye anatembea polepole akilamba tope. Sumu ya mafuta inaingia mwilini mwao na haitoki upesi. Tena, vijidudu vinavyokula mafuta vinahitaji hewa, na chini ya tope la mikoko hewa hakuna. Mafuta inakaa humo miaka na miaka. Ukikanyaga, rangi yake inapanda juu ya maji. Kusafisha juu peke yake ni kujidanganya, na hata sisi wenye mikoko kule Muanda, ambako mafuta inachimbwa baharini tangu 1975, tungepaswa kulijua hilo.

Mwaka wa 2011 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilisema kwamba kuponya Ogoni kunaweza kuomba miaka 25 hadi 30.

Watu wa Bodo hawakungoja. Walipeleka kesi London, na mwezi wa kwanza 2015 Shell ikakubali kulipa pauni milioni 55: milioni 35 kwa watu 15,600, milioni 20 kwa jamii yote. Kila mtu karibu pauni 2,200. Ukigawanya kwa ile miaka 6 ya kungojea, ni kama pauni moja kwa siku.

Kazi ya kusafisha ilianza mu 2017. Kisha ikaja zamu ya kupanda miche ya mikoko, kwa sababu pasipo mizizi chaza hana pa kushika.