Homa ya Siku ya Tatu

Mwaka 1742, kwa amri ya mfalme Qianlong, matabibu wa ikulu ya Beijing wakiongozwa na Wu Qian walikamilisha kitabu kikubwa cha uganga, Yizong jinjian. Katika mlango wa maradhi ya wanawake waliweka beti za kukaririwa na wanafunzi, na kati yake zimo zinazohusu homa ya mama aliyejifungua. Homa hiyo, wasema, haina chanzo kimoja. Ipo ya mama aliyelishwa kupita kiasi kabla tumbo halijatulia. Ipo ya aliyeinuka mapema kwenda kazini, akapigwa na upepo wa baridi. Ipo ya damu iliyoganda ndani ikakataa kutoka, na ipo ya aliyemwaga damu nyingi hadi mwili ukabaki mtupu. Mwisho ipo ile ya siku ya tatu, maziwa yanapoingia, ambayo wao huiita mvuke wa maziwa. Hiyo hupoa yenyewe.

Mara ya kwanza kuisoma orodha hiyo nilicheka, kwa kuwa karibu yote nilikwisha kuisikia Lweba. Sisi tuko Fizi, Kongo, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya Baraka, kwenye barabara iendayo Uvira, na mama wazee wa hapa hawajapata kusikia jina la Qianlong. Lakini mzazi akianza kutetemeka siku ya tatu, utawasikia: ameinuka mapema mno, damu imebaki tumboni, ni maziwa hayo, mwacheni anyonyeshe. Sisi tumeongeza moja tu ambayo Wachina wa ikulu hawakuiweka kwenye beti zao, nayo imekuwa kubwa kuliko zote: malaria.

Huko China mjadala juu ya homa hii ulikuwa mkali na wa muda mrefu. Chen Ziming alikwisha kuandika kitabu kizima cha dawa za wanawake mwaka 1237. Baada yake akaja Zhu Danxi, aliyefariki 1358, akafundisha kwamba mzazi ni chombo kilichomwagwa: kwanza mjaze damu na nguvu, hayo maradhi mengine yatibiwe baadaye. Mafundisho yake yalitawala kwa vizazi, hadi Zhang Jingyue, aliyefariki 1640, alipopinga. Si kila mzazi ni dhaifu, alisema. Wengine wana uchafu ndani unaotakiwa kutoka, na ukimjaza mtu wa namna hiyo unaufungia adui mlango akiwa bado ndani ya nyumba. Mfano wa nyumba ni wangu. Hoja ni yake.

Kati ya pande hizo mbili ilikaa dawa iliyopata sifa kuliko zote, Shenghua tang, ambayo inahusishwa na Fu Qingzhu, tabibu wa karne ya 17. Ndani yake mna mizizi ya danggui na ya chuanxiong, kokwa za pichi, urukususu na tangawizi iliyochomwa hadi ikawa nyeusi, vikapikwa kwa mvinyo wa mchele. Kazi yake ni kuitoa damu ya zamani na kuita mpya. Aliyekulia pwani ya Tanzania au Kenya ataitambua akili hiyo bila mkalimani: ndiyo ya uji wa pilipili manga, ya kukandwa kwa maji ya moto, ya tumbo kufungwa kanga. Wachina humweka mzazi ndani mwezi mmoja, wakisema anakaa mwezi. Waswahili wamempa siku arobaini. Kote kuwili baridi ndiye adui.

Nayasema haya bila dharau. Kumpumzisha mama mwezi mzima, kumlisha na kuwazuia majirani mlangoni, kulikuwa na faida yake hata kama sababu iliyotolewa ilikuwa upepo. Ila katika beti zile za 1742 kuna kitu kimoja ambacho hakikutajwa: mkono wa aliyemzalisha.

Ulaya nako walichelewa kuuona. Mwaka 1795 daktari Alexander Gordon wa Aberdeen, Uskoti, alichapisha kitabu juu ya mlipuko wa homa ya uzazi mjini kwake. Alikuwa amefuatilia mgonjwa baada ya mgonjwa, na mkunga aliyemhudumia kila mmoja, akaona homa inawafuata wahudumu fulani nyumba hadi nyumba. Katika orodha ya waliobeba ugonjwa alijiweka na yeye mwenyewe. Watu wa mji walimchukia, akaondoka. Miaka hamsini baadaye, Ignaz Semmelweis, Mhungaria aliyefanya kazi katika Hospitali Kuu ya Vienna, alikuwa na wodi mbili za uzazi mbele ya macho yake. Moja ilihudumiwa na wanafunzi wa udaktari, nyingine na wakunga, na ile ya wanafunzi ndiyo iliyoua zaidi, kiasi cha wanawake kulia wakiomba wasipelekwe humo. Mwezi Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka alikatwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa dalili zilezile za wazazi. Hapo Semmelweis akaelewa. Wanafunzi walikuwa wakitoka kwenye chumba cha maiti moja kwa moja kwenda kwa wanawake wenye uchungu. Mwezi Mei aliagiza kila mmoja aoshe mikono kwa maji ya klori. Aprili walikufa zaidi ya mama 18 katika kila 100. Juni walikuwa wawili hivi.

Wakubwa wake hawakumwamini. Alikufa 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa jeraha lililooza, yaani karibu kwa ugonjwa uleule aliopigana nao. Mwaka 1879 Louis Pasteur alisimama mbele ya madaktari wenzake mjini Paris akawachorea ubaoni vijidudu vilivyopangana kama shanga: huyu ndiye anayewaua. Leo tunamwita streptokokasi.

Jambo moja katika hadithi hiyo husahauliwa na wanaoisimulia kama ushindi wa hospitali. Yale mauaji ya mfululizo ya Vienna yalikuwa mazao ya hospitali yenyewe. Mkunga wa kijijini anayezalisha mama mmoja kwa wiki mbili hana jinsi ya kuambukiza wodi nzima. Lakini asitokee mtu wa kusema basi nyumbani kulikuwa salama. Nyumbani palikuwa na uchafu wa aina yake: wembe, uzi, sakafu ya udongo.

Ushahidi wa hilo tunao katika mkoa wetu, na ni mtu anayejulikana dunia nzima. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955. Kitovu chake kilikatwa vibaya na jirani aliyekuja kusaidia, kikaoza, sumu ikaingia damuni. Mtoto angekufa siku zile za mwanzo kama mmisionari wa Uswidi, Majken Bergman, asingehangaika hadi akapata matibabu ya penisilini. Mwaka 1983 mtoto huyo, sasa daktari, alifika kufanya kazi katika hospitali ya Lemera, milimani juu ya bonde la Ruzizi. Nia yake ilikuwa kutibu watoto. Akakuta wanawake wakiletwa kwa machela baada ya siku nyingi za uchungu, wengine wakiwa wamechelewa. Akaacha watoto, akaenda Angers, Ufaransa, kusomea uzazi. Dunia ilimpa Tuzo ya Nobeli mwaka 2018 kwa kazi nyingine, ya kuwatibu waliobakwa vitani, lakini mlango aliouingilia ulikuwa huu wa uzazi.

China nayo iliishinda homa ya uzazi, na tuwe wakweli, si kwa Shenghua tang. Mwaka 1929 daktari mwanamke, Yang Chongrui, alifungua shule ya ukunga mjini Beijing, na kilichofundishwa ni sabuni, kucha fupi na mkasi uliochemshwa. Baada ya 1949 serikali mpya ikawafundisha hayohayo wakunga wa jadi, kijiji kwa kijiji. Vitabu vya tiba ya Kichina vinavyochapishwa sasa vimeipanga upya ile orodha ya zamani: chanzo cha kwanza ni sumu chafu iliyoingia wakati wa kuzaa. Damu iliyoganda, upepo na upungufu wa damu vimesogezwa nyuma. Tangawizi imebaki, ila antibiotiki zimewekwa mbele yake.

Huku Fizi, Wachina walifika kwanza kwa umbo la bunduki. Wakati wa uasi wa Simba, 1964 na 1965, silaha zao zilivuka ziwa kutoka Kigoma. Daktari mgeni mashuhuri kuliko wote aliyepata kukanyaga ufuko huu, Che Guevara, alikuja mwaka 1965 kupigana, si kuzalisha, naye hakumaliza wiki nyingi kabla homa haijamlaza. Madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu walikuwa Zanzibar tangu 1964, na wale wa Hebei walikuja Zaire mwaka 1973, lakini mbali na sisi.

Kilichotufikia kilikuja kwa njia ya kuzunguka. Mwezi Mei 1967, China ilipokuwa ikiisaidia Vietnam Kaskazini vitani, ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, maana mbu waliwaangusha askari wengi. Tu Youyou, mtafiti wa Beijing, alirudi kwenye kitabu cha Ge Hong cha karne ya 4, akakuta humo majani ya qinghao yakilowekwa kwenye maji na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Baridi ndiyo iliyokuwa siri. Moto huua dawa. Kutoka hapo ikapatikana artemisinini, na yeye akapata Nobeli mwaka 2015. Mmea huo Tanzania wanauita pakanga. Tangu 2005 Kongo yetu inatibu malaria kwa dawa zilizotokana nao, na ukifungua kabati la kituo chochote cha afya kandokando ya ziwa hili utaikuta artesuneti. Kwa hiyo mama wa Lweba mwenye homa siku ya tatu huenda akapewa dawa ya Kichina ya miaka 1,600 bila yeye wala muuguzi kuikumbuka China.

Na hapo ndipo shida ilipo. Hapa kwetu homa ni malaria hadi ithibitishwe vingine, na kwa mzazi kuchelewa siku mbili kunatosha. Kipimo cha tone la damu kikisema hakuna malaria, wapo wanaompa dawa ya malaria vilevile, huku tumbo la chini linauma na uchafu wa uzazi umeanza kunuka. Zhang Jingyue angekasirika. Homa ya aina hiyo inataka antibiotiki za sindano, na pengine safari ya hospitali ya Nundu au Baraka, na safari hizo zina historia yake. Lemera ilishambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa wakauawa vitandani. Miaka hiyo watu wa Fizi walivuka ziwa kwa maelfu kwenda Kigoma, na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka huohuo, ikawa ndiyo mahali walipozaliwa vijana wengi wanaojiita Wabembe wa Fizi. Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi Baraka tangu 2003. Mwezi Desemba 2020 waliondoka baada ya wafanyakazi wao kushambuliwa.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi saba, Kongo na Kenya zikiwemo, kwa wanawake zaidi ya 29,000. Kila mmoja alipewa dozi moja ya kumeza wakati wa uchungu, wengine gramu mbili za azithromaisini, wengine dawa ya bandia. Waliopata sumu ya damu au kufa walikuwa 1.6 katika kila 100 upande wa kwanza, na 2.4 upande wa pili. Vidonge vichache, mara moja, bei ndogo.

Lakini kinachonivutia zaidi kiko mlangoni. Fizi ni nchi ya kipindupindu, kwa hiyo kwenye vituo vya afya vya ukanda huu utakuta ndoo yenye bomba na maji yaliyotiwa klori, na anayeingia hunawa. Harufu yake watu wanaiita harufu ya javeli, kwa jina la kitongoji cha Paris ambako maji hayo yalitengenezwa kwanza karne ya 18. Ni ukoo mmoja na klori ya Vienna. Kipindupindu kikipungua, ndoo hukauka, mtu akaigeuza kiti.