Pia zinazozunguka chini ya barafu

Wadau, Nansen na meli yake Fram mnawakumbuka, walioganda kwenye barafu ya Aktiki 1893 mpaka 1896? Basi miaka ya 1970 Wamarekani na wenzao wakapiga kambi juu ya barafu inayoelea, Bahari ya Beaufort, mradi wa AIDJEX. 1975 barafu ya kambi kuu ikapasuka, watu wakahama! (Mie nisingerudi.) Ila vipimo vyao vilinasa kitu: mita 50 hadi 300 chini, maji yanajizungusha kama pia ya mtoto, upana kilomita 10 mpaka 20. Kila pia inabeba maji ya pembeni, mengine yameingia toka Pasifiki, na chumvi na joto lake, hadi katikati. Joto hilo likipanda juu, barafu inayeyuka.