Giningi tunaijua, Bwana Msa je?

Wadau, leo nina swali moja tu: Bwana Msa anajulikana na nani siku hizi? Nimewauliza vijana wa hapa Madungu, Chake Chake, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Abunuwasi wanamjua wote, na kila mmoja ana kisa chake. Giningi, ule mji wa wachawi katika masimulizi ya visiwani, wanaujua pia. Sherlock Holmes wamemwona kwenye filamu. Bwana Msa? Kimya. Mmoja kaniuliza, "Kaka, ndiye mwalimu mpya?"

Haya, tukumbushane. Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alianzia kazi ya ukaguzi wa afya, kisha akaingia kwenye magazeti, akawa mhariri wa Zanzibari na baadaye Mkulima. Hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Humo ndimo tulimojuana na Bwana Msa: mpelelezi mwenye kiko chake, rafiki yake Najum ubavuni. Hata jina ni herufi za mwandishi mwenyewe, M.S.A. Vikafuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973) na vingine, hadi Kosa la Bwana Msa (1984).

Kwamba Holmes ndiye aliyemfungulia njia, halifichiki. Lakini tazameni kazi aliyopewa huku kwetu. Maiti inaonekana kwenye mzimu unaoogopwa. Bwana Msa hatafuti pepo, anatafuta binadamu mwenye sababu ya kuua.

Sasa kwa nini Abunuwasi anaishi na huyu anafifia? Nadhani ni kwa sababu Abunuwasi hahitaji kitabu. Bibi anamsimulia kwa dakika mbili, mjukuu anatia chumvi, kesho kisa kiko skuli. Kisa cha upelelezi kina mafundo mengi, lazima ukisome. Kitabu kikikosekana mikononi mwa vijana, na mhusika naye hayupo. Holmes, aliyeanza mwaka 1887, amebebwa na redio, sinema na televisheni kizazi baada ya kizazi. Bwana Msa wetu tumemwachia rafu.

Hasara yake si ya fasihi peke yake. Giningi imebaki vichwani, aliyekuwa akiuliza maswali katoka. Yaani hofu tumeirithisha, dawa yake tumeisahau. Siku kikongwe wa mtaani anaposingiziwa uchawi, nani atauliza: nani kaona, saa ngapi, na nani anafaidika?

Mimi nimejaribu jambo dogo. Niliwasomea vijana wawili barazani kurasa za mwanzo za Mzimu, nikafunga kitabu pale maiti inapoonekana. Kesho yake walikuja wenyewe kabla ya magharibi, na mwenzao wa tatu.

Mwenye nakala nyumbani asiifiche, aiazime. Mwasemaje, wadau?