Melasma na madoa meusi ya ngozi: jinsi ya kuyatibu bila kujichubua

Kajaga, mtaa ulio kaskazini-magharibi mwa Bujumbura kando ya barabara iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo, umetandaa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wengi wa watu wake hutafuta riziki chini ya jua: wauza samaki, mafundi wa ujenzi, wahudumu wa hoteli za ufukweni, waendesha pikipiki za abiria. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, kipimo cha miale ya urujuanimno wakati wa mchana mara nyingi hufika 11 na zaidi, daraja ambalo Shirika la Afya Duniani, WHO, limeliweka juu kabisa. Ngozi huanza kuhitaji kinga kipimo kikifika 3. Mahali kama hapa si ajabu kuona madoa ya kahawia kwenye mashavu na paji la uso. Linalotia hofu ni hatua inayofuata mara nyingi: kopo lisilo na maelezo, lililonunuliwa sokoni kwa matumaini ya kuyafuta madoa hayo kwa juma moja.

Melasma ni nini?

Rangi ya ngozi hutokana na melanini, inayotengenezwa na seli maalumu zilizo chini ya tabaka la juu la ngozi. Kwa mtu mwenye melasma, seli hizo huchochewa kutengeneza rangi kupita kiasi katika sehemu fulani tu. Hapo hutokea madoa ya kahawia au ya kijivu, kwa kawaida pande zote mbili za uso na kwa sura inayolingana: mashavuni, kwenye paji la uso, puani, juu ya mdomo na kidevuni. Madoa hayo hayawashi, hayaumi, hayaambukizi, wala si saratani. Huwapata zaidi wanawake, ingawa wanaume nao hupatwa.

Vichocheo vyake vikuu ni vitatu: jua, homoni na urithi. Mama mjamzito anaweza kuyaona katika miezi ya katikati au ya mwisho ya ujauzito, na mara nyingi hufifia yenyewe miezi kadhaa baada ya kujifungua. Vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni navyo vinaweza kuyaleta. Mwanamke anayeshuku kwamba vidonge ndivyo chanzo hapaswi kuviacha ghafla. Anashauriwa kumwona mhudumu wa afya amtafutie njia nyingine, maana mimba isiyotarajiwa ni jambo zito kuliko doa la shavuni.

Si kila doa ni melasma

Aina nyingine iliyo ya kawaida sana kwa watu wenye ngozi nyeusi ni doa linalobaki baada ya jeraha au uvimbe: chunusi iliyotumbuliwa, upele uliokunwa, kuumwa na mbu, kuungua, au vipele vinavyotokea shingoni na kidevuni baada ya kunyoa ndevu. Kinachotakiwa kwanza hapo ni kutibu chanzo chake. Anayepaka dawa ya madoa huku akiendelea kutumbua chunusi atapata madoa mapya kila mwezi. Doa lililo juu juu huweza kufifia ndani ya miezi 6 hadi 12, lakini lililozama ndani zaidi huchukua miaka.

Yako pia mabadiliko ya rangi yanayotoa habari za mwili wote. Ngozi nyeusi, nene na laini kama mahameli nyuma ya shingo au kwapani huweza kuashiria kwamba mwili umeanza kushindwa kuitumia insulini vyema, na mwenye dalili hiyo hufaa apimwe kisukari. Baadhi ya dawa za kumeza hubadilisha rangi ya ngozi au kucha. Na doa lililopauka lisilohisi mguso ni suala jingine kabisa: huenda likawa dalili ya ukoma, ugonjwa unaotibika, na halipaswi kusubiri.

Dawa zinazotumiwa

Hakuna dawa inayoiondoa melasma milele. Zipo zinazoififiza, kwa masharti kwamba jua linazuiwa na mgonjwa ana subira. Asidi ya azelaiki, kwa kiwango cha asilimia 15 hadi 20, hupunguza utengenezaji wa rangi na pia hutibu chunusi, na huhesabiwa kuwa salama wakati wa ujauzito. Asidi ya kojiki na vitamini C ya kupaka husaidia kwa kiasi. Tretinoini, ya jamii ya vitamini A, huharakisha kujivua kwa ngozi, lakini mjamzito hapaswi kuitumia. Asidi ya traneksamiki, inayojulikana zaidi hospitalini kwa kuzuia damu baada ya uzazi, hutolewa pia kwa melasma sugu. Kwa kuwa huweza kuongeza hatari ya damu kuganda mishipani, vidonge vyake havimezwi bila uamuzi wa daktari.

Iliyozoeleka kuliko zote ni haidrokwinoni, hasa ya asilimia 4, na ndiyo yenye historia ya kujifunza. Mwaka 1975, huko Marekani, Albert Kligman na Isaac Willis walichapisha mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini na steroidi, ambao ni asili ya krimu zinazoandikwa na madaktari wa ngozi hadi leo. Mwaka huohuo, nchini Afrika Kusini, G. H. Findlay na wenzake walieleza balaa walilolikuta kwa wanawake waliopaka krimu zenye haidrokwinoni kwa muda mrefu: ngozi ya mashavu ilikuwa imekuwa nyeusi yenye rangi ya bluu na vipele vidogo vigumu. Hali hiyo huitwa okronosisi, na kuiondoa ni vigumu mno.

Dawa ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa katika kipimo, muda na uangalizi. Daktari huagiza ipakwe usiku, kwenye doa pekee, kwa takriban miezi mitatu, kisha ngozi ipumzishwe. Anayejichubua huipaka uso mzima, pengine mwili mzima, kwa miaka. Naye anapoona weusi umeongezeka, hudhani krimu haijatosha, akaongeza.

Ndani ya mkorogo

Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Kenya ilizuia vipodozi vyenye haidrokwinoni, zebaki na steroidi mwaka 1998, na Tanzania nayo inavikataza. Rwanda ilifanya msako mkubwa madukani kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018. Hata hivyo bidhaa hizo huvuka mipaka kwa urahisi, na katika ukanda wa Maziwa Makuu mkorogo, yaani krimu kadhaa zilizochanganywa bila vipimo, bado una wateja.

Zebaki ndiyo sumu inayofika mbali zaidi: hupenya ngozi na kuharibu figo, na katika ujauzito huweza kumfikia mtoto tumboni. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni viondolewe kufikia mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuiondoa kabisa katika vipodozi kufikia 2025. Kwenye kopo, zebaki inaweza kuandikwa mercure, mercurio au calomel. Onyo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au vito nalo ni ishara ya kuitilia shaka. Kopo lisilo na orodha ya viambato halifai kupakwa hata kidogo.

Steroidi kali, kama klobetasoli, hung’arisha ngozi haraka, na hapo ndipo mtego ulipo. Baada ya muda ngozi huwa nyembamba, hupata michirizi na chunusi, na vidonda hukawia kupona, jambo la hatari kwa mwanamke anayehitaji kujifungua kwa upasuaji. Zikipakwa mwili mzima huweza hata kupandisha sukari na shinikizo la damu. Aliyezitumia kwa miezi mingi asiziache kwa siku moja bila msaada, kwa kuwa uso huweza kuwaka na kuvimba kuliko mwanzo. Daktari humpunguzia hatua kwa hatua.

Tiba za nyumbani nazo zina hatari zake. Maji ya ndimu yakipakwa kisha mtu akatoka juani, huweza kuunguza ngozi na kuacha doa jeusi kuliko lililokusudiwa kuondolewa. Dawa ya meno na maji ya kung’arishia nguo huleta majeraha, na kila jeraha huacha doa lake.

Kinga ni nusu ya tiba

Ngozi nyeusi haiungui haraka kama nyeupe, na kwa sababu hiyo wengi hudhani haihitaji kinga. Lakini melasma huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, si miale ya urujuanimno pekee. Mawingu mepesi hupitisha sehemu kubwa ya miale hiyo, na mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha usoni takriban asilimia 15 yake. Kivuli cha mwavuli ufukweni Kajaga ni msaada mkubwa, ila hakimalizi yote.

Kinga isiyo na gharama kubwa ni kofia yenye ukingo mpana, mtandio au kitenge, mwavuli, na kupanga kazi za nje kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni kila inapowezekana. Mwenye uwezo huongeza krimu ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi. Iliyotiwa rangi ya oksidi ya chuma hufaa zaidi kwa melasma, kwani huzuia pia mwanga unaoonekana, na haiachi uso ukiwa na weupe kama wa unga. Kiasi kinachofaa kwa uso na shingo ni mistari miwili ya krimu juu ya vidole viwili, na hupakwa tena kila baada ya saa mbili mtu akiwa nje, au mara baada ya kuoga ziwani au kutoka jasho jingi.

Wakati wa kumwona daktari

Inafaa kwenda kituo cha afya doa linapobadilika haraka, linapotoa damu, linapokosa hisia, linapoenea mwilini pamoja na uchovu na kukonda, au linapozidi kuwa jeusi licha ya dawa. Mgonjwa aende na makopo yote anayotumia, hata yale anayoyaonea haya, kwa sababu daktari asiyejua kilichopakwa hawezi kujua cha kuondoa. Nafuu ya kwanza huonekana baada ya majuma 8 hadi 12, na kinga ya jua huendelea hata doa likishafifia, maana siku chache za jua kali zinatosha kulirudisha.